Godeliva Hakungoja Toleo Jipya

Jumatatu radi ilipiga nguzo ya umeme iliyo karibu na nyumba ya paroko, na kufikia Jumatano ya Majivu kila mtu alikuwa amekubali kwamba kompyuta ya kwaya ni marehemu. Fundi wa Urambo aliifungua, akainusa, akaifunga. "Imekufa na ubongo wake, mama," alimwambia Godeliva, akairudisha kwenye mfuko wa unga iliokuja nao. Godeliva alirudi nayo Ulyankulu akiwa ameipakata ndani ya basi.

Ni mjane wa miaka hamsini na kidogo, mkulima kama wengine, na ni mwalimu wa kwaya ya parokia. Kazi hii ya pili haimlipi chochote, lakini ndiyo anayoulizwa habari zake kila anapopita. Na ugumu wa kazi hiyo ni tumbaku. Kuanzia mwezi wa pili mpaka wa nne huwezi kuikusanya kwaya. Majani yameiva, mabani ya kukaushia yanawaka moto, na wanaume wengi wa sauti ya nne wanalala mashambani ng'ambo ya mto, wakichochea kuni. Tumbaku haijui Jumapili.

Kwa hiyo Godeliva alikuwa amebuni njia yake. Aliuandika wimbo kwenye kompyuta, nota kwa nota, sauti zote nne, kisha akaiamuru kompyuta iimbe sauti moja moja kwa mlio wa kinanda, akaituma kwa wasapu. Sauti ya pili kwa akina mama wa alto, sauti ya nne kwa wanaume walioko mabanini. Mtu alifunga majani ya tumbaku kwenye fito huku simu ikimwimbia mfukoni kipande chake, na kipande chake tu, asubuhi mpaka jioni, hadi kikamwingia mwilini kama moshi wa bani. Wimbo mzima hakuna aliyeujua. Ulikaa ndani ya kompyuta na ndani ya kichwa cha Godeliva.

Kabla ya kompyuta alijaribu kuwatumia sauti kwa kinywa chake mwenyewe. Mwaka huo alikuwa na mafua. Wanaume wa sauti ya tatu, watu watiifu, walijifunza walichotumiwa, na siku ya Pasaka, katikati ya wimbo wa matoleo, walikohoa wote pamoja, kwa pigo sahihi kabisa, wakaendelea. Askari wa gwaride wasingeweza. Tangu hapo Godeliva aliapa kwamba kinywa chake hakitaingia tena kwenye simu.

Na mwaka huu haukuwa wa kukohoa. Kanisa jipya, la kwanza la tofali za kuchoma katika parokia ile, lilikuwa limekwisha. Askofu angekuja kulitabaruku baada ya Pasaka. Kwa siku hiyo Godeliva alikuwa ametunga Misa nzima, kutoka Bwana Utuhurumie mpaka Mwanakondoo, aliyoianza tangu msingi ulipochimbwa, akiiandika kwenye karatasi kwa do, re, mi alizofundishwa na baba yake. Ilibaki kuiingiza kwenye kompyuta na kuitawanya. Paroko alisema waziwazi: Jumapili ya Matawi ataisikiliza, na kama kwaya haijaishika, ataita kwaya ya mjini Tabora. "Askofu haimbiwi majaribio, Mwalimu," alisema, na hakuwa na ubaya.

Kamati ya kwaya ilikutana kwenye kivuli cha ukuta mpya. Mwenyekiti ni Kornel, besi wa sauti ya nne, mkulima wa tumbaku, mtu mkubwa wa mwili na mpole wa tabia, anayependa mambo yaishe bila mtu kukasirika. Alikuwa ameshampigia Eliasi, mtoto wa Godeliva anayefanya kazi za kompyuta Dar es Salaam, na sasa aliiweka simu juu ya tofali, spika ikiwa wazi.

"Shikamooni, wazee wangu," ilisema simu.

"Marahaba, baba. Waambie ulichoniambia."

"Nawashauri msinunue sasa. Hizi zilizoko madukani zinakaribia kuachwa. Toleo jipya linatoka mwezi wa sita. Jepesi, betri inakaa kutwa. Likitoka, hata hizi za sasa bei itashuka. Anayenunua leo anajiibia mwenyewe."

"Umesikia, Mwalimu?" alisema Kornel.

"Nimesikia. Misa yangu ni mwezi wa nne."

"Mama," ilisema simu, "shikamoo."

"Marahaba. Misa yangu ni mwezi wa nne, Eliasi."

Watu walicheka kidogo. Kornel aliiinua mikono yake miwili kama anayetenganisha watoto. "Tazameni jinsi mambo yanavyojipanga yenyewe. Mwezi wa tano masoko ya tumbaku yanafunguliwa, mfuko wa kwaya unapata nguvu. Wa sita mashine mpya imetoka. Siku ya Askofu tutaimba tunazozijua, au wa mjini watatusaidia, na Misa ya Mwalimu tutaiimba mwakani, kwa raha. Subira yavuta heri."

"Yavuta," alisema Godeliva. "Ila haijawahi kusema inamvutia nani."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," aliongeza Dafrosa, kiongozi wa alto, ambaye pia ni mke wa Kornel.

"Wewe nyamaza, wewe ni sauti ya pili."

"Sauti ya pili ndiyo inayokupikia."

Mikono ilipoinuliwa, waliotaka kungoja walikuwa wote isipokuwa hao wanawake wawili. Godeliva aliaga kwa adabu, akamtakia kila mmoja mchana mwema. Wanaomfahamu huiogopa sana adabu yake hiyo.

Ili kumwelewa mwanamke huyu inabidi kuyajua mabati ya baba yake. Mzee Niyokwizera alifika Ulyankulu kijana, mkimbizi, miaka ya sabini, akitoka Burundi na nguo aliyoivaa na kitabu cha nyimbo. Alipewa pori, akalifyeka, akajenga nyumba ya udongo na nyasi. Na tangu hapo, kila mwaka, palikuwa na neno linalopita kijijini: tutarudi nyumbani, tutahamishiwa kwingine, mwakani, mwakani si mbali. Hakuna aliyejua neno hilo lilianzia wapi. Lilifika kama mgeni, likakaa, likala.

Mwaka mmoja tumbaku ilimkubali. Akanunua mabati, mapya, yanayong'aa mpaka kuku waliyakimbia. Majirani walikuja kusaidia kupaua. Akawapa chai, akawarudisha makwao. "Bati likishapigwa msumari ni mali ya hapa," alisema. "Lisilopigwa msumari linasafiri." Akayapanga chumbani, moja juu ya jingine, mahali pakavu kuliko pote, akayafunika mkeka. Watoto wakayafanya kitanda. Godeliva alikua hivyo, akilala juu ya paa huku mvua ikimnyeshea.

Si yeye peke yake. Kijiji kizima kilikuwa na milango iliyoegemezwa ukutani, saruji iliyogeuka jiwe ndani ya mfuko, miche ya michungwa iliyokataliwa kwa sababu mchungwa hukaa miaka kabla haujamjua mwenyewe. Watu walipendana, walioana, walizikana, yote hayo wakiwa kama wamesimama stendi.

Kisha uraia wa Tanzania ukaja, na baada ya muda neno la kubaki nalo likaja, likatulia. Siku hiyo mzee aliuondoa mkeka. Unyevu ulikuwa umeingia kati ya bati na bati tangu miaka ile, kimyakimya. Yalikuwa yameshikana kama chapati zilizoungua, na yalipobanduliwa yalikuwa na matundu. Mzee aliliinua moja juani, na mwanga ukampiga usoni kwa vidoadoa. Alicheka mpaka akakaa chini. "Yameozea mahali pakavu," alisema. Godeliva, wakati huo mwanamke mzima mwenye mtoto mgongoni, hakucheka. Mzee alifariki kabla ya kupata mabati mengine. Alifariki chini ya nyasi.

Tangu hapo Godeliva hawezi kusikia mtu akisema *mwakani* kwa sauti ya upole. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza barabara ile kupigwa sakafu ya saruji, na walikuwapo watu wazima waliomwuliza sakafu ataibebaje siku ya kuhama. Aliwajibu kwamba haibebi: wao watahama, yeye ataachwa nayo.

Jumanne alimtoa Bihogo zizini.

Kwa Warundi ng'ombe haitwi ng'ombe tu. Bihogo alikuwa mwekundu mwenye shingo nene, mjukuu wa ng'ombe ambaye marehemu mumewe alimtoa kuwa mahari yake, na jioni, akikamuliwa, Godeliva alimwimbia vipande vya Misa ile ile. Kwa hiyo si kweli, kama walivyosema baadaye, kwamba hakumjali. Alimpeleka kwa Limbu, mfugaji wa Kisukuma mwenye maboma karibu na msitu, kwa sababu Limbu hachinji ng'ombe jike.

Limbu alimzunguka mnyama mara mbili, kimya, akampapasa. "Mtu hauzi wa namna hii bila msiba," alisema. "Nani amekufa?"

"Kompyuta."

"Na unanunua nini?"

"Kompyuta."

Limbu alifikiri. "Inazaa?"

"Haizai."

"Inakamuliwa?"

"Hiyo ndiyo, inakamuliwa."

"Basi nenda," alisema Limbu. "Lakini mimi nitamwita Bihogo huyohuyo, simbadilishi jina. Ukija kumsalimia atakuitikia."

Habari ilifika ng'ambo ya mto kabla ya Godeliva kufika nyumbani. Jioni Kornel alisimama uani kwake, kofia mkononi, mtu aliyeumia kweli. "Mwalimu, umetuaibisha. Watu watasema kamati imemfanya mjane auze ng'ombe."

"Waambie mjane ameuza mwenyewe."

"Tulisema tungoje kidogo tu."

"Kornel, mabati ya baba yangu uliyaona?"

"Niliyaona. Hata ya baba yangu niliyaona."

"Basi usiniambie kidogo."

Kornel alivaa kofia yake, akaivua tena kuaga, akaondoka.

Barabara ya kutoka Ulyankulu kwenda Tabora ni vumbi kiangazi na mchuzi masika. Siku hiyo ilikuwa mchuzi. Godeliva alikaa dirishani, akiutazama msitu wa miombo unavyopita. Huku ndiko wapagazi walikopita zamani na pembe mabegani, kwenda Ujiji na kurudi, na Tabora ndipo walipokwama. Baba yake alipenda kumhadithia: misafara ilifika Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, ikakaa miezi, mizigo ikingoja wapagazi, wapagazi wakingoja vita viishe, wote wakingoja mvua ikatike. Wengine waliingia Tabora wakiwa safarini, wakafia hapo wakiwa bado safarini. Mji umejengwa na waliosema tutaondoka kesho. Baba yake alilisimulia hilo kama faraja. Godeliva, kipaji cha uso kikigonga kioo kila basi linapoingia shimoni, aliliona kama onyo.

Duka la Mussa liko Kanyenye, limebanwa kati ya muuza vitenge na muuza simu. Mussa ni kijana wa mjini, mwenye maneno mengi na mikono safi.

"Shikamoo, mama. Karibu, kiti hicho."

"Marahaba, mwanangu. Nataka laptopu ya kuandikia nota za muziki."

Alimweleza programu anayoitumia. Mussa akaonyesha moja ya kijivu iliyokuwa rafuni, akaiwasha, akaifungua programu, akamwachia abonyeze. Godeliva aliandika mapigo manne ya besi ya Utukufu wake, akabonyeza icheze. Kidude kile kikaimba. Muuza vitenge aligeuza shingo.

"Nitaichukua hii."

Mussa alikuna kidevu. Alionekana kupigana na nafsi yake, na nafsi ya mfanyabiashara ikashindwa. "Mama, nikwambie ukweli? Ningekuwa wewe ningesubiri. Mzigo mpya unakuja katikati ya mwaka. Hii ni nzuri, lakini inapitwa. Sipendi mtu anunue kwangu halafu anitukane akiwa Ulyankulu."

Hapo hapo simu ya Godeliva ikaita, naye akaiweka spika.

"Mama, nimeambiwa umemuuza Bihogo."

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimemuuza. Niko dukani."

"Usilipe. Mwambie muuzaji asogee nimsikie."

"Nipo, kaka," alisema Mussa. "Nami nilikuwa namwambia hivyo hivyo. Bora asubiri."

"Umeona, mama?"

"Naona," alisema Godeliva. "Hamjuani, mmoja yuko Dar na mwingine Tabora, lakini katika kunisubirisha mmeelewana kama mapacha."

Mussa alicheka. Simu haikucheka. "Mama, hiyo baada ya mwaka mmoja haitapokea tena masasisho. Walioitengeneza wataiacha."

"Wataiacha. Kisha?"

"Kisha itakuwa imeachwa."

"Eliasi, pampu ya maji uliyokunywa utoto wako wote waliiweka watu walioondoka hata jina hawakuacha. Mpaka leo inatoa maji. Umewahi kuyakataa?"

"Sio hivyo, mama..."

"Nikuulize kitu kimoja, na unijibu kama mtaalamu, si kama mtoto wangu. Hilo toleo jipya likitoka mwezi wa sita, nyuma yake kuna jingine?"

"Lipo. Kila mwaka lipo."

"Na siku hiyo mtaniambia nini, wewe na huyu ndugu yako?"

Mussa aliyatazama makucha yake. Eliasi alivuta pumzi mpaka ikasikika dukani. "Tutakuambia usubiri," alisema.

"Asante kwa ukweli. Mwanangu, nifungie."

Mussa aliifunga, akamwekea begi juu yake bila kuombwa. Alipokuwa akimpa alisema polepole, "Mama, besi ile imekaa vizuri," na Godeliva alijua hilo ndilo lililomfanya asidai bei ya begi.

Watu husimulia kwamba siku ya kwanza kompyuta ilimwadhibu. Alipofika nyumbani aliiunganisha na simu atume kipande cha kwanza cha alto. Kabla hajatuma, kioo chote kiligeuka bluu, na maandishi meupe yakatokea.

"Imesemaje, mama Eliasi?" aliuliza Dafrosa, aliyekuwa amekuja kushuhudia.

Godeliva aliyasoma mara mbili. "Inajisasisha. Inasema nisubiri. Na nisiizime."

Dafrosa aliketi kwenye sakafu ya saruji, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamtoka. Eliasi alipopigiwa alisema mama asiiguse kabisa, itaharibika.

"Mpaka lini?"

"Mpaka imalize."

"Bando langu inalila lote."

"Ndiyo, inalila."

Ilikaa hivyo mchana kutwa, duara dogo likijizungusha. Godeliva hakukaa kuitazama. Alichukua jembe, akapalilia mihogo yake kwa hasira hata mihogo mingine ikaumia. Aliporudi jioni ilikuwa imeamka, ileile, kana kwamba haikumfanyia kitu. Eliasi akamwelekeza jinsi ya kuizuia isijiamulie tena. Kuanzia hapo kila asubuhi ilimwuliza kama ijisasishe sasa au baadaye, na kila asubuhi alibonyeza *baadaye*, akatulia, akanywa uji.

"Utaiua kwa kiu," alisema Dafrosa.

"Na ingoje. Sisi tulipongoja haikutuonea huruma."

Vipande vilianza kutoka. Bwana Utuhurumie kwanza, kisha Utukufu, sauti moja moja, na nakala ya zote kwa Dafrosa. Akina mama waliimba alto wakichambua majani. Sauti ya tatu waliimba kwenye baiskeli. Besi ndio waliokuwa shida. Kornel alikuwa amewaambia wenzake ng'ambo ya mto, kwa upole wake, kwamba yeye hataki vipande. Atangoja mazoezi yatakapoitishwa. Mwenyekiti akingoja, nani asingoje?

Wiki mbili baadaye Dafrosa alimjia Godeliva kisimani, uso umejaa siri isiyotaka kukaa.

"Mwenyekiti wako kila jioni anaazima simu yangu. Anasema ya kwake haina tochi, anataka kuangalia moto wa bani."

"Basi?"

"Basi nikamfuata. Amekaa mlangoni mwa bani, gizani, tochi haijawashwa. Simu iko sikioni. Anaimba. Na wengine wamekaa juu ya kuni, kila mtu na simu yake, kama wanasali rozari."

"Umemwambia umemwona?"

"Nimwambie kwa nini? Nimemwekea chaji."

Jumapili ya Matawi paroko alisikiliza. Walikuwapo waimbaji wa sauti tatu. Mto ulikuwa umejaa, mabani yalikuwa yanawaka, na kutoka sauti ya nne walifika wazee wawili tu waliobaki kijijini. Walipomaliza, paroko alikaa amefunga macho.

"Chini pako wazi, Mwalimu. Sauti ya nne iko wapi?"

"Ipo, Baba."

"Ipo wapi?"

"Ng'ambo."

"Mmeshaimba nayo pamoja, hata mara moja?"

"Bado."

Alifungua macho. "Unaniambia siku ya Askofu ndiyo nitaisikia?"

"Jumamosi yake tutafanya mazoezi ya wote. Watakuja."

"Kwaya ya mjini nimeshaialika. Watakuja kama wageni au watakuja kama waimbaji, hilo ni juu yako. Kwa shingo yako."

"Kwa shingo yangu, Baba," alisema Godeliva.

Jumamosi yenyewe mvua ilinyesha tangu alfajiri mpaka giza. Hakuna aliyevuka.

Jumapili jua lilitoka limeoshwa. Askofu aliwahi, jambo ambalo halikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote. Kanisa lilijaa mpaka watu walisimama madirishani. Kwaya ya mjini iliketi upande wa kushoto, majoho meupe, vitabu vyao magotini, wametulia kama watu wanaojua wataitwa. Upande wa kulia walikuwa watu wa Godeliva, na mabenchi mawili ya nyuma matupu, wazee wawili katikati yake kama meno ya mwisho. Habari ilisema trekta lililowabeba wanaume limezama kwenye tope, kule mtoni.

Katibu wa halmashauri ya walei alimfuata Godeliva kwa kunyata. "Mwalimu, tufanye hivi. Wa mjini waanze, sisi tuwangoje wanaume wako. Hata nusu saa. Wakifika, mnapokea."

Godeliva aliitazama kwaya yake. Dafrosa alikuwa anamtazama yeye, midomo imebanwa.

"Hapana," alisema.

"Mwalimu, bila besi?"

"Rudi ukakae, kaka. Tunaanza."

Akainua mikono.

Bwana Utuhurumie ilipita, nzuri lakini inayumba, kama meza iliyopungukiwa mguu. Watu wa mjini waliangaliana, si kwa dharau. Walisikia nini kimekosekana, kwa sababu ni waimbaji. Wazee wawili walijitahidi mpaka mishipa ikawasimama. Paroko, kando ya Askofu, alikuwa anatazama viatu vyake.

Kisha Utukufu. Godeliva alikuwa ameutunga hivi: sauti tatu zinapanda pamoja, zinapanda, halafu ghafla zinanyamaza, na besi peke yake inajibu kutoka chini. Mapigo manne ya besi tupu. Kila aliyekuwa na nota mkononi aliona pale mahali panakuja. Ingewezekana kuparuka, ishara moja ya kidole, soprano wangeendelea, na watu wa kawaida wasingejua. Dafrosa aliitafuta ishara hiyo kwenye uso wa mwalimu wake, asiione.

Sauti tatu zilipanda. Godeliva aliuinua mkono wake wa kushoto kuelekea yale mabenchi matupu, akaufunga, na sauti tatu zikakatika.

Wazee wawili walifungua vinywa. Na besi ikaja kutoka nje. Ilitoka uani, mlangoni, madirishani, nzito, kwa pigo lake hasa, kana kwamba ukuta wenyewe ndio uliojibu. Walikuwa wametembea kutoka mtoni wakisikia wimbo unavyokuja, kila mmoja akihesabu kipande chake kichwani. Watu waliosimama mlangoni waligawanyika pande mbili. Wakaingia wakiimba, suruali zimekunjwa, tope mpaka magotini, sakafu mpya ya kanisa ikipokea nyayo zao. Kornel alikuwa wa kwanza, viatu mkononi, jasho linamtiririka, anaimba kwa kifua chote huku macho yake yakimtafuta Godeliva, yakitaka kumwambia jambo.

Godeliva hakumtazama. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshageukia sauti ya tatu.